Kubofyana Hakuleti Unga: Waunda Maudhui Wakishikana Mkono Kweli

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya mweka hazina wa kikundi cha waunda maudhui kutoka Dunga, mbele ya vijana na vikundi vya akina mama mjini Kisumu. Yamehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo wengi hapa wanaifanya tayari, au wana mtoto nyumbani anayeifanya: kutengeneza video, picha na sauti na kuziweka mitandaoni ili kupata riziki. Swali nililopewa ni hili. Je, watu wa kazi hii wakisaidiana, wanaweza kuhakikishiana mapato ya msingi? Mapato ya msingi maana yake ni pesa kidogo ya kila mwezi ambayo mtu anaitegemea, hata kama mwezi huo video zake hazikutazamwa na mtu.

Jibu langu ni ndiyo. Lakini kuna kusaidiana kunakotupotezea wakati na kuna kusaidiana kunakoleta unga nyumbani. Nimepitia yote mawili, na nitaanza na lile lililonishinda.

NIFUATE NIKUFUATE

Mimi hukaanga samaki pale Dunga. Nilianza kujirekodi nikionyesha namna ya kupara ngege, namna ya kuosha omena mpaka mchanga uishe, na namna ya kupika mbuta kwa nyanya bila nyama yake kuvunjika. Mpwa wangu akaniambia, "Shangazi, hutafika popote peke yako," akaniingiza katika kundi la WhatsApp la watu kama mia mbili. Baadaye nikaingia mengine manne.

Sheria yao ilikuwa rahisi. Kila asubuhi unaweka video yako, kisha unafungua za wenzako, unawafuata, unaandika "kazi safi", na unaondoka. Wao wanakufanyia vivyo hivyo. Kundi liliitwa la kuinuana, na niliamini kwamba tunainuana. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na wafuasi zaidi ya elfu moja. Nikamwambia hata jirani yangu kwamba karibu nitaanza kulipwa.

Nilipoomba kuingizwa katika malipo, nilikataliwa. Wiki chache baadaye wafuasi mia kadhaa waliondolewa usiku mmoja. Nilijiona nimeonewa. Kisha nikakaa na mpwa wangu tukasoma masharti ambayo hatukuwahi kuyasoma, nikagundua kwamba kosa lilikuwa letu.

Tuchukue YouTube kama mfano, kwa sababu masharti yake yako wazi. Ili ulipwe kutokana na matangazo unahitaji wafuasi 1,000, na video zako ziwe zimetazamwa kwa jumla ya saa 4,000 katika miezi 12 iliyopita; au video fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90. Na YouTube inahesabu kubadilishana wafuasi kuwa udanganyifu, sawa na kuwanunua. Anayefanya hivyo anaweza kuondolewa wafuasi, kunyimwa malipo, au kufungiwa chaneli.

Sasa tufanye hesabu, maana mimi ni mweka hazina. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anakaa na video yako dakika tatu, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Mtu wa kundi hakai dakika tatu. Anafungua, anabofya, anatoka. Kwa hiyo wafuasi wanaongezeka, lakini saa haziongezeki.

Mtu atasema, basi tutazamane kwa uaminifu. Haya. Kundi lina watu 200. Kila mmoja anaweka video moja kwa siku, na kila mmoja anatazama dakika tatu za kila mwenzake. Hiyo ni watu 199 mara dakika tatu, dakika 597, karibu saa kumi nzima. Kila siku. Na bando ni lako.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Pesa ya matangazo hutoka kwa mwenye biashara anayetafuta mnunuzi. Katika video za kawaida, YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya pesa hiyo, na yenyewe hubaki na 45. Sisi mia mbili hatukuwa wanunuzi wa chochote. Tulikuwa wachovu tuliobofya ili tubofyewe. Fikirieni akina mama kumi na wawili wamekaa Kibuye wakiuziana omena wao kwa wao kutwa nzima. Jioni wana omena ileile na pesa ileile, ukitoa nauli.

Nikaelewa kwamba kusaidiana hakuwezi kuzalisha pesa ambayo haijaingia kutoka nje. Kunaweza kufanya mambo matatu: kupunguza gharama ya kuitafuta pesa hiyo, kufanya kazi ambayo mtu mmoja haiwezi, na kuigawa ikishaingia ili hakuna anayekufa njaa katika mwezi mbaya. Hayo matatu yanatosha kabisa.

WAZEE WALIJUA

Haya hayakuanza na simu. Wazee mlioko hapa mnaikumbuka saga: mtu ana shamba kubwa la kupalilia, anaita majirani, wanakuja siku moja na kazi inaisha, naye anawalisha. Mnaikumbuka rika: watu wachache wanalima shamba la huyu leo, la yule kesho, mpaka mzunguko ukamilike. Na akina mama tuna nyoluoro, chama cha mzunguko, ambapo kila wiki tunachanga na mmoja anapokea.

Kikundi chetu cha sasa kina watu kumi na wawili. Tuko wakaanga samaki wawili, fundi wa nywele, kijana anayepeleka wageni ziwani kwa mashua, mpigaji wa nyatiti, mwalimu anayefundisha hesabu kwa Dholuo, na wengine. Tulipokutana mara ya kwanza tuliandika ni nani ana nini. Simu nzuri tatu. Maikrofoni ndogo moja. Stendi mbili. Kompyuta moja yenye programu ya kuhariri. Hakuna aliyekuwa na vifaa vyote, lakini kwa pamoja tulikuwa navyo.

Tukaanza na saga. Siku ya kurekodi ya mtu mmoja, wengine watatu wanakuja: mmoja ashike simu, mmoja asikilize sauti, mmoja atazame jua na watu wanaopita. Wiki inayofuata ni zamu ya mwingine. Tuna daftari linaloandikwa nani amemsaidia nani na kwa saa ngapi. Anayepokea saa nyingi na hatoi huulizwa mbele ya wote.

Kuna waliopendekeza tuchapishe vikaratasi vya saa ili watu wavitumie kama pesa kati yetu. Nikawakumbusha yaliyotokea Mombasa mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, ambapo wafanyabiashara wadogo walianzisha hati zao za kubadilishana bidhaa zilizoitwa Bangla-Pesa. Wazo lilikuwa la kusaidiana, lakini waanzilishi walikamatwa kwanza, na mashtaka yakaondolewa baadaye. Sisi tulibaki na daftari. Daftari halimtishi mtu.

KAZI INAYOLETA PESA KUTOKA NJE

Pesa yetu nyingi haitoki kwa mitandao moja kwa moja. Inatoka kwa watu wa hapa ambao wameona kazi yetu mitandaoni wakatuita.

Mfano mkubwa ni mazishi. Familia nyingi za huku ziwani zina watoto Nairobi, Mombasa, Marekani, Uingereza na Ghuba. Mzee akifariki Seme au Nyakach, si kila mtoto anaweza kupata ruhusa au nauli. Wanataka kuona maziko moja kwa moja kwenye simu zao. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Unahitaji simu mbili au tatu, laini za kampuni mbili tofauti kwa sababu huko bomani mtandao mmoja ukizima lazima mwingine ushike, betri za akiba, na mtu wa kujibu ujumbe wa walioko mbali. Huko ng'ambo mtu analia peke yake chumbani, na picha ikikatika wakati jeneza linashushwa, umemfanyia vibaya. Tunakwenda watu wanne, tunalipwa, tunagawana.

Kazi nyingine ni harusi, sherehe za makanisa, hoteli ndogo zinazotaka kuonyesha chakula chao, wenye mashua za watalii, na wafanyabiashara wa Kibuye wanaouza kwa WhatsApp lakini picha zao ni za giza. Kila mmoja wa hao ni mteja aliye tayari kulipa leo. Malipo ya matangazo ya mitandao huja yakiwa yamechelewa, tena hayatolewi mpaka yafike dola 100, ambazo ni kama shilingi 13,000. Mtu anaweza kukaa miezi mingi akiwa na dola 40 ambazo anaziona kwenye skrini na hawezi kuzila.

Sisemi muache chaneli zenu. Chaneli ndiyo duka la kuonyesha kazi, na ikikua italipa. Nasema msingoje chaneli iwalipe kodi ya nyumba mwezi ujao.

KAPU

Sasa nifike kwenye mapato ya msingi yenyewe. Kazi hii ina tabia moja mbaya: wachache hupata nyingi na wengi hupata kidogo, tena aliyepata mwezi huu anaweza kukosa mwezi ujao. Video moja ya fundi wetu wa nywele ilienda mbali sana, kisha kwa miezi minne hakuna iliyotazamwa. Yeye ni yuleyule, mikono ni ileile.

Kwa hiyo tuliweka kapu. Sheria ni kwamba kila anayepata pesa kutokana na kazi ya maudhui, iwe ni mtandao, tangazo au mazishi, hutoa asilimia 20 ya alichopata. Mwisho wa mwezi kapu hugawanywa sawa kwa wanachama wote.

Nitatoa mfano wa hesabu. Hii si ya mwezi wowote wetu, ni ya kufundishia. Watu kumi na wawili wamepata jumla ya shilingi 60,000. Wawili walipata 18,000 kila mmoja. Wanne walipata 5,000 kila mmoja. Wawili walipata 2,000 kila mmoja. Wanne hawakupata kitu. Asilimia 20 ya 60,000 ni 12,000. Ukigawa kwa kumi na wawili, kila mmoja anapata 1,000.

Angalieni inavyokuwa. Aliyepata 18,000 ametoa 3,600, amerudishiwa 1,000, amebaki na 15,400. Aliyepata 5,000 ametoa 1,000 na kupokea 1,000, hakuna kilichobadilika. Aliyepata 2,000 ametoa 400, amepokea 1,000, sasa ana 2,600. Aliyekosa kabisa ana 1,000.

Shilingi 1,000 haiwezi kumlisha mtu mwezi mzima, na sitaki mtu atoke hapa akisema nilidai hivyo. Lakini ni bando la mwezi, ni nauli ya kwenda kwenye kazi ya mwenzako, ni unga wa siku chache. Tofauti kati ya kuwa nayo na kutokuwa nayo ni kwamba asiyekuwa nayo huuza simu. Akishauza simu ametoka kwenye kazi, na kikundi kimepoteza mikono miwili.

Kapu lina masharti. Ili upokee lazima mwezi huo uwe umefanya kazi: umeweka video zako mbili au umehudhuria saga mbili za wenzako. Mgonjwa na mama aliyejifungua wamesamehewa. Anayepata pesa huonyesha ujumbe wa malipo mbele ya watu watatu. Aliyeficha mara moja huonywa, mara ya pili hutoka. Na zamu ya kushika pesa hupigiwa kura kila mwaka, hata mimi nikipendwa vipi.

ALIYETAKA KUTOKA

Mtu mwenye akili atauliza: kwa nini anayepata nyingi abaki? Hilo ndilo swali gumu, na tulikutana nalo.

Kijana wetu wa mashua alipata miezi miwili mizuri mfululizo, hoteli zikimwita. Akanijia akasema, "Mama, nimechoka kuwabeba watu wanaolala." Sikumkemea. Nilifungua daftari. Nikamwonyesha kwamba mwanzoni mwa mwaka, ziwa lilipojaa gugu maji na mashua yake haikutoka, alipokea kapu miezi minne na hakutoa hata shilingi. Nikamwonyesha pia kwamba ile video iliyomletea hoteli ya kwanza ilirekodiwa na watu watatu waliokuja alfajiri bila malipo.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mama. Lakini hata hivyo mzigo una kiasi." Na alikuwa na haki. Tuliita kikao, tukakubaliana kwamba hakuna mtu atakayetoa zaidi ya 5,000 kwa mwezi mmoja, hata akipata laki moja. Akabaki.

Mwingine hakubaki. Dada mmoja aliyekuwa akitengeneza video za ushonaji alipata kazi ya kudumu Nairobi akasema hawezi tena kuchangia. Sheria yetu inasema anayeondoka atoe taarifa ya mwezi mmoja, hadai alichokwisha toa, wala hadaiwi alichopokea. Tulimuaga vizuri. Bado hututumia wateja. Kikundi kinachowafungia watu mlango wasitoke, kitakosa watu wa kuingia.

JIRANI ZETU WA SIAYA

Wapo wanaosema ukimpa mtu pesa ya kila mwezi atalala. Hatuhitaji kubishana gizani, kwa sababu jambo hili limepimwa hapa jirani. Shirika la GiveDirectly lilianza mwaka 2016 kulipa kijiji cha kwanza huku magharibi mwa Kenya, na mwaka 2018 likapanua mpango huo hadi vijiji 195 katika kaunti za Siaya na Bomet. Wengine walipokea kama shilingi 2,250 kwa mwezi kwa miaka miwili, wengine wameahidiwa kiasi hicho kwa miaka 12, na wengine walipewa pesa yote ya miaka miwili kwa mara moja. Zilipita kwa M-Pesa.

Watafiti waliofuatilia, akiwemo Abhijit Banerjee aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na Tavneet Suri, walitoa matokeo mwaka 2023. Hawakuona watu wakiacha kazi kwa uvivu. Walioahidiwa muda mrefu, na waliopewa kwa pamoja, walianzisha biashara zaidi kuliko waliopewa kidogo kidogo kwa miaka miwili tu. Na wale wa muda mrefu walifanyaje ili kupata mtaji kutoka kwa pesa ya kila mwezi? Waliingia kwenye vyama vya mzunguko. Yaani walifanya nyoluoro.

Nilichojifunza hapo ni mambo mawili. Kwanza, kinachompa mtu nguvu ya kuanza jambo ni kujua kwamba pesa itakuja tena mwezi ujao na unaofuata, hata kama ni kidogo. Kwa hiyo kapu linalotoa 1,000 kila mwezi bila kukosa ni bora kuliko linalotoa 4,000 mara moja na kuvunjika. Ndiyo maana tunabakiza akiba ya miezi miwili. Pili, pesa kidogo ya kila mwezi inahitaji mzunguko ili iwe mtaji. Sisi tuna mzunguko mdogo pembeni: kila mmoja 200 kwa wiki, na anayepokea hununua kifaa. Ndivyo tulivyopata maikrofoni ya pili.

SHERIA NA KODI

Sasa mambo ya karatasi, maana hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia.

Sajilini kikundi. Kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba yenu, kumbukumbu za kikao mlichokubaliana, na nakala za vitambulisho. Mnakwenda ofisi ya Ustawi wa Jamii katika kaunti yenu ndogo, iwe ni Kisumu ya Kati, Mashariki, Magharibi, Seme, Nyando, Muhoroni au Nyakach. Mkiwa na cheti mnaweza kufungua akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Pesa ya kikundi isikae kwenye M-Pesa ya mtu mmoja, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani. Akifariki, mtaipataje?

Kodi ipo. Tangu Julai 2023, kampuni ya Kenya ikikulipa kwa maudhui ya kidijitali hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Kwa tangazo la 18,000 hiyo ni 900. Ombeni cheti cha makato hayo, kwa sababu yanahesabiwa mnapowasilisha ripoti yenu kabla ya tarehe 30 Juni. Pesa inayotoka ng'ambo pia ni mapato na huandikwa.

Wenye chaneli za YouTube, jazeni fomu ya kodi ya Marekani katika akaunti yenu ya malipo. Ukiijaza, hukatwa tu kwenye sehemu iliyotoka kwa watazamaji walioko Marekani. Usipoijaza, wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Nimeona vijana wakipoteza pesa kwa kuogopa fomu ya dakika kumi na tano.

Bima ya afya. Kazi hii haina mwajiri wa kukulipia. Jisajilini na SHA kwa kupiga *147#. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa tusio na mishahara hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600. Hiyo 3,600 kwa mpigo ni ngumu kwa mtu wa kipato chetu, kwa hiyo mzunguko wetu huanza na bima kabla ya vifaa. Simu ikivunjika kazi inasimama wiki. Mtu akilazwa bila bima, kapu lote linakwisha.

Na mwombeni ruhusa kila mnayemrekodi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria tuna adabu. Kwenye mazishi, familia ndiyo inasema kamera isimame wapi. Watoto msiwafanye chambo cha watazamaji.

MITEGO

Nitataja mitego mitatu kisha nikae.

Mtego wa kwanza ni programu zinazokuambia ulipe kwanza ili ulipwe kwa kubofya video. Zinalipa wiki mbili kwa pesa ya waliojiunga nyuma yako, kisha zinatoweka. Mteja wa kweli hakutozi pesa ya kukupa kazi.

Wa pili ni kuuza au kukodisha akaunti yako. Mnunuzi akiitumia kutapeli watu, jina na kitambulisho kilichoandikwa ni chako.

Wa tatu ni matangazo ya kamari. Yanalipa vizuri, najua. Kikundi chetu kilipiga kura ya kuyakataa, saba kwa watano. Hao watano walikuwa na sababu zao, na mmoja wao alikuwa na deni la karo. Lakini wanaotutazama ni majirani zetu wa Kondele, Nyalenda na Manyatta. Siwezi kuuza samaki kwa mama asubuhi na jioni nimshawishi mwanawe aweke pesa ya samaki kwenye kamari.

Ndugu zangu, mkitoka hapa msikimbilie kuunda kundi la watu mia mbili. Tafuteni watu kumi mnaojuana sura, mnaoweza kufikiana kwa miguu au kwa boda boda. Andikeni nani ana nini. Fanyeni saga moja wiki hii, kwa video ya mtu mmoja. Mkiweza kufanya saga nne bila kugombana, ndipo mzungumzie kapu. Sisi tulikaa miezi mitano kabla ya kuweka shilingi ya kwanza, na sijutii hata siku moja ya kungoja huko.

Daftari letu nimekuja nalo. Anayetaka kuona tulivyoandika sheria aje baada ya kikao, aipige picha. Hakuna siri humo, isipokuwa majina, ambayo nimeyafunika kwa karatasi.